Fedha za Uzazi kwa Binti wa Miaka 19: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Matunzo, Ruzuku na Mkopo

Kisa hiki kinamhusu binti mmoja wa mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, mashariki mwa Tanzania, tangu alipojua ana mimba mpaka mtoto wake alipotimiza mwaka na mwezi mmoja. Tumekiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, maofisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama, maana hao ndio wanaogongewa mlango kwanza mimba inapoingia katika nyumba isiyo na kitu. Mtaa, kata na vituo vya huduma havitajwi, na wahusika tumewaita kwa nafasi zao tu: Binti, Bibi, Kijana, Mjomba. Binti amesomewa maandishi haya na ameridhia.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kupata mimba. Kwa hiyo habari ya Binti ni ya kawaida kabisa, na ndiyo sababu inafaa kufundishia. Tunachotaka msomaji akione ni hiki: fedha za kumsaidia hazikukosekana kabisa. Zilikuwapo huku na kule, ila nyingi zilichelewa, au zilipita mikononi mwa watu wengine, au zilikuja kama deni wakati ambao hakuwa na nguvu ya kulilipa.

Mazingira

Binti alikuwa na miaka 19. Alimaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma, matokeo yakawa mabaya, akabaki kwa Bibi mzaa mama. Mama yake anafanya kazi za ndani Dar es Salaam na hutuma chochote anapojaliwa. Bibi ana zaidi ya miaka sitini, analima mchicha na matembele bondeni, analea wajukuu wengine wawili wanaosoma shule ya msingi, na ni mlengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulio chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Ruzuku hiyo ilikuwa ikitolewa kwa kaya kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ilitegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Nyumbani kwa Bibi ilikuwa ikiishia kwenye madaftari, sare na deni la dukani.

Binti alikuwa akimsaidia mama lishe wa stendi kwa 4,000 kwa siku pamoja na chakula, siku sita kwa wiki. Hizo 24,000 za kila wiki ndizo fedha pekee zilizoingia katika nyumba ile bila kukosa. Mkataba wa kazi hakuwa nao, wala hakuchangia mfuko wowote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini kwa msichana anayeosha masufuria ya mama lishe ambaye naye anakula kwa alichouza leo, hakuna wa kumdai siku hizo.

Kijana ana miaka 23. Anaendesha bodaboda ya mkataba: anampelekea tajiri hesabu ya 10,000 kila siku kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili ni yake, na mkataba ukiisha baada ya mwaka na miezi miwili pikipiki inakuwa mali yake. Akichelewesha hesabu, tajiri anaichukua. Posa haikuwahi kupelekwa.

Kuanzia mimba hadi kujifungua

Mimba ilijulikana ikiwa na miezi minne. Binti alikwenda zahanati peke yake akarudishwa: aje na mwenza wake wapime pamoja, la sivyo alete barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza kwa nini mwenza hakuja. Kumshirikisha baba ni jambo jema, na kupima VVU mapema kunamkinga mtoto. Lakini utaratibu huo ukigeuzwa kuwa kizuizi mlangoni, anayeumia ni yule aliyeachwa peke yake. Kijana hakupokea simu. Binti aliona haya kwenda kwa mwenyekiti, na wiki zikapita. Kadi ya kliniki aliipata mimba ikiwa imeshapita miezi mitano.

Mwezi wa sita mama lishe alimwambia apumzike. Hakumfukuza kwa ubaya. Moshi ulikuwa ukimtapisha, na kusimama tangu saa kumi na moja alfajiri kulimvimbisha miguu. Tangu siku hiyo 24,000 za wiki zikakatika. Kijana alikuwa ameshatoa 20,000 na kuikubali mimba kwa mdomo, kisha akanyamaza. Mama yake Kijana ndiye aliyetoa kauli inayosikika katika nyumba nyingi: "Mtoto azaliwe kwanza, tumwone sura."

Hapo Mjomba, kaka yake mama yake Binti, aliitisha kikao cha wazee wa pande mbili. Wakadai faini ya laki tatu kwa kumpa mimba binti wa watu. Upande wa Kijana ukaomba ipunguzwe hadi laki moja na nusu. Walibishana jioni nzima juu ya kiasi na tarehe. Katika kikao hicho hakuna aliyeuliza Binti anakula nini, wala atajifungulia nini.

Bibi alitufikia sisi tunaoandika kisa hiki mimba ikiwa na miezi saba. Hakuja kuomba fedha. Alitaka kujua jambo moja: faini ikishalipwa, Kijana atakuwa amemaliza?

Uamuzi wa kwanza: matunzo kabla ya faini

Jibu lilikuwa hapana, na tulimweleza hivyo. Faini ni makubaliano ya wazee. Haiondoi wajibu wa baba kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu maombi ya amri ya matunzo yapelekwe mahakamani hata kabla mtoto hajazaliwa, na afisa ustawi wa jamii ni mmoja wa wanaoweza kuyapeleka. Hata hivyo hatukukimbilia mahakamani. Kijana alikuwa hajaikana mimba, na tuliogopa kwamba hati ya kuitwa ingemfanya ahamie mji mwingine, kama tulivyoona kwa wengine. Mwenye pikipiki anaweza kupata kijiwe kipya ndani ya siku moja. Tukaomba afisa ustawi aziite familia zote mbili, na Kijana afahamu kwamba mlango wa mahakama uko wazi.

Mjomba alikasirika. Alisema tunavunja heshima ya ukoo. Bibi ndiye aliyemjibu, kwa upole, mbele ya wote: "Mwanangu, hiyo heshima haimnunulii mtoto sabuni." Tulimwomba Mjomba asubiri tu, hakuna aliyemnyang'anya madai yake.

Afisa alianza na 60,000 kwa mwezi. Kijana alitikisa kichwa, akasema: "Mama, hela ya mwezi mimi sijawahi kuishika. Mimi nashika ya leo, na ya leo ni ya tajiri." Kauli hiyo ilibadilisha mazungumzo yote. Badala ya kubishana juu ya kiasi, tukaanza kutafuta siku ambayo fedha yake ni yake. Siku hiyo ni Jumapili. Tukakubaliana atume 14,000 kila Jumapili jioni, akishafunga kazi. Kwa mwezi ni karibu kilekile afisa alichotaka, lakini sasa kiliangukia siku isiyo na hesabu. Kutuma kila siku kulikataliwa kwa sababu makato ya kutuma na kutoa yangemla. Zaidi ya hapo Kijana alikubali kununua kwa mkono wake doti mbili za khanga, beseni na shali la mtoto. Karatasi ilisainiwa na wote, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi, na mama yake Kijana naye akaweka dole gumba. Dole hilo lilikuja kuwa na thamani kubwa, kwa sababu Jumapili ambazo Kijana alijisahau, mama yake ndiye aliyemkumbusha.

Uamuzi wa pili: fedha iingie kwenye simu ya nani

Laini ya Binti ilikuwa na jina la mama yake. Hakuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na bila namba hiyo laini haisajiliki kwa alama zake za vidole. Simu ya Bibi, kwa desturi ya nyumba ile, hushikwa na Mjomba kila panapokuwa na fedha ya kutoa. Kupitishia matunzo humo kungekuwa kuyarudisha kwenye kikao cha faini.

Tuliamua malipo ya mwanzo yapitie kwa mweka hazina wa kikundi cha hisa cha Bibi, mama anayeheshimika mtaani, akiandika kwenye daftari na Binti akisaini kila anapopokea. Wakati huohuo Binti alipelekwa kuomba namba ya NIDA. Ilitoka kabla hajajifungua, akasajili laini yake, na daftari likafungwa. Kuanzia hapo kila Jumapili iliacha ujumbe wa muamala kwenye simu yake mwenyewe. Wakati ule tulidhani tumerahisisha malipo tu. Thamani nyingine ya ujumbe huo ilionekana baadaye.

Uamuzi wa tatu: elfu hamsini za kutoka Dar

Mama yake Binti alituma 50,000. Palikuwa na mawazo mawili. La kwanza, kuhuisha kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa kwa 30,000, iliyokuwa ikihudumia watu sita wa kaya kwa mwaka. La pili, vifaa vya kujifungulia. Kwa sera ya afya, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wanasamehewa malipo katika vituo vya umma, hivyo kadi isingemwongezea Binti mengi. Ingemfaa zaidi Bibi, ambaye kifua kinamsumbua. Bibi mwenyewe alikata shauri: vifaa kwanza. Wakanunua mpira wa kulalia, glavu, pamba, nyembe, kibana kitovu, sabuni ya mche na nguo za mtoto kwa 31,000. Zilizobaki 19,000 zikafungwa kwenye pindo la khanga kwa ajili ya usiku wa uchungu.

Uchungu ulianza usiku, na hadi asubuhi mtoto hakuwa ametoka. Muuguzi wa kituo cha afya alipiga 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, na dereva wa jamii aliyesajiliwa akampeleka Binti hospitali ya wilaya bila kumtoza hata senti. Alifanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike wa kilo 2.9. Upasuaji haukulipiwa. Dawa mbili na dripu, hata hivyo, hazikuwapo dirishani, wakaandikiwa wakanunue nje: 27,000. Zile 19,000 zikaondoka zote, na Kijana, aliyekuwa nje ya wodi tangu saa tatu, akaongeza 8,000.

Mkopo wa wiki ya saba

Wiki sita za kwanza zilikwenda kwa unyonge lakini zilikwenda. 14,000 zilikuwa zikinunua unga, dagaa, sabuni na mafuta ya kupikia. Uji wa mzazi ulitoka kwa majirani. Kisha jirani mmoja akamshauri Binti asikae tu. Kulikuwa na mkopeshaji wa vikundi anayepita mtaani kila Jumatatu, mikopo ambayo kila mtu anaijua kwa jina la kausha damu. Binti alikopa 100,000. Baada ya kukatwa fomu na kinachoitwa bima, alishika 92,000. Marejesho yalikuwa 13,000 kwa wiki kwa wiki kumi, yaani 130,000.

Msomaji azitazame tarakimu hizi kwa makini. Jumapili jioni 14,000 za matunzo zinaingia. Jumatatu saa nne asubuhi 13,000 zinatoka. Kilichobaki kwa mtoto ni 1,000 kwa wiki, na kingine chote kilitegemea maandazi.

Maandazi yalimwamsha saa tisa usiku. Faida ilikuwa elfu tatu au nne kwa siku nzuri. Ndoo za maji na karai la mafuta ya moto hazikumfaa mwanamke mwenye mshono wa upasuaji wa juzi. Kidonda kilianza kutoa usaha, akaacha siku kadhaa, akarudi. Mtoto alibaki na Bibi mpaka saa nne asubuhi, akilia njaa. Alipofikisha miezi mitatu walianza kumpa uji mwepesi, ingawa kliniki walifundishwa maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Akaharisha, wakalala kituo cha afya. Biashara ikafa. Marejesho sita yalikuwa yamelipwa, 78,000. Yalibaki manne, 52,000, na adhabu ya kuchelewa juu yake. Wenzake wa kikundi, ambao kwa utaratibu wa mikopo hii ndio wanaobanwa mmoja anaposhindwa, wakaja wakabeba jiko, karai na redio ya Bibi.

Uamuzi wa nne: kulizima deni kwanza

Kulikuwa na pendekezo la kumtafutia mkopo mwingine wa riba nafuu alipe huu. Tulilikataa. Anayelipa deni kwa deni akiwa hana kipato anasogeza tu siku ya kubebewa vyombo.

Tulikwenda na Bibi kwa mkopeshaji, tukaomba kuona mambo mawili: mkataba aliompa Binti na leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayekopesha kama biashara awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mkataba haukuwapo zaidi ya ile fomu, na leseni tuliambiwa iko ofisi kubwa. Hatukugombana naye. Alikubali kufuta adhabu na kupokea 52,000 kwa awamu. Kikundi cha hisa cha Bibi kina mfuko wa jamii, ule ambao kila mwanachama huweka kidogo kila kikao kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kikao kilikubali kutoa 30,000 kwa sababu mjukuu wa mwanachama alikuwa amelazwa. Fedha hiyo hairudishwi. Zilizobaki 22,000 zililipwa kwa Jumatatu nne, 5,500 kila moja. Vyombo vikarudi.

Pikipiki kurudi kwa tajiri

Mtoto akiwa na miezi saba Kijana alianguka na pikipiki. Hakuumia sana, lakini matengenezo yalikula hesabu za wiki tatu na tajiri akaichukua. Miezi tisa ya kuipigania ikapotea hivihivi. Jumapili zikaanza kupita kimya.

Mjomba alirudi na habari ya faini. Binti, kwa mara ya kwanza, alisema anataka kwenda mahakamani. Tulimweleza nafasi yake ilivyo: sheria inampa miezi 24 tangu mtoto azaliwe kupeleka maombi, na hata baada ya hapo bado anaweza, akithibitisha kwamba baba aliwahi kutoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo. Ujumbe wa Jumapili zote ulikuwa kwenye simu yake. Hakukuwa tena na mtu wa kusema tumwone sura. Kwa kuwa haki yake haikuwa mbioni kupotea, na kwa kuwa Kijana siku hizo alikuwa akiosha magari kwa kibarua, Binti mwenyewe aliamua kurudi kwa afisa ustawi kwanza. Makubaliano mapya yaliandikwa: 6,000 kwa wiki mpaka apate pikipiki, na pungufu liandikwe kama malimbikizo, lisifutwe. Baadhi ya wiki alilipa, nyingine hakulipa. Mtoto alipofikisha miezi kumi, Kijana alipata pikipiki nyingine, ya hesabu tupu isiyo na mkataba wa kuwa yake, akapanda hadi 10,000.

Hali ilivyokuwa mwisho wa kipindi hiki

Mtoto ana afya, na uzito wake umerudi kwenye mstari wa kijani wa kadi. Kwa tangazo la kizazi kutoka hospitali alipata cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho kikatumika kuingiza jina lake kwenye taarifa za kaya ya Bibi. Binti anasoma ushonaji katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi ambacho kina mahali pa kuachia watoto saa za masomo; ada ya muhula wa kwanza alilipa mama yake. Hakuhitaji ule utaratibu uliotangazwa Novemba 2021 wa kuwarudisha shuleni waliokatishwa na ujauzito, kwa kuwa kidato cha nne alishamaliza. Cherehani hana. Malimbikizo ya Kijana yamepita laki moja. Faini haikulipwa, na Mjomba hajaja nyumbani tangu hapo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuyafunga matunzo kwenye siku ya kipato cha baba. Tumezoea kuandika kiasi kwa mwezi kwa sababu fomu zina nafasi ya mwezi, na kwa mtumishi mwenye mshahara hilo ni sawa. Kwa dereva wa bodaboda, mpiga debe au mbeba mizigo wa sokoni, mwezi haupo. Tukimwandikia 60,000 tarehe moja tunamwandalia kushindwa, kisha tunamwita mkaidi. Kabla ya kutaja kiasi, afisa aulize fedha ya mtu huyu huingia siku gani na nani anaikata kabla yake. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba ulisimama juu ya pikipiki moja, na pikipiki ilipoondoka hakukuwa na kitu chini yake. Makubaliano ya kwanza yangekuwa na kipengele cha nini kitafuata Kijana akipoteza kazi, Binti asingepitisha zile wiki za ukimya kabla ya kikao cha pili.

Kuhusu mkopo, msimamo wetu ni mkali. Mwanamke aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, asikopeshwe mtaji katika miezi sita ya mwanzo, hata kama riba ni sifuri. Kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ni mikopo mizuri, na Binti atakapomaliza ushonaji tutamsaidia kuunda kikundi. Lakini rejesho lisilo na riba bado ni rejesho, na linadai mwili unaoweza kuamka saa tisa usiku. Tangu mwezi wa sita wa mimba mpaka mtoto afikishe miezi sita, mahitaji ya Binti yalikuwa chakula, sabuni, nauli ya kliniki na dawa ya dharura. Hayo hayazalishi faida ya kulipia deni. Yanahitaji fedha isiyorudi: matunzo ya baba, ruzuku, mfuko wa jamii wa kikundi, ndugu. Wengi wanaowashauri mabinti hawa wajishughulishe wana nia njema. Hesabu ya Jumapili na Jumatatu hapo juu inaonyesha nia hiyo ilimfikisha wapi.

Suala la mkono unaopokea linastahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa. Ruzuku ya kaya ilikuwapo muda wote huu, na ilifanya kazi yake kwa wajukuu wa shule. Haikumfikia Binti akiwa mjamzito kwa sababu imepangwa kwa kaya, na ndani ya kaya mimba yake haikuwa na sauti. Mtoto alipoingizwa kwenye taarifa ndipo kliniki yake ikahesabika. Kwa hiyo tangazo la kizazi lisikae kabatini. Kila mwezi unaochelewa una gharama. Namba ya NIDA nayo ishughulikiwe mimba ikiwa changa. Binti mwenye umri wa miaka 18 na zaidi asiye na laini kwa jina lake atategemea uaminifu wa mwenye simu, na si kila mtaa una mweka hazina kama yule.

Mjomba hatumhukumu. Faini ni njia ya ukoo ya kusema binti yetu ana thamani, na wazee wale ndio waliomleta Kijana kwenye kikao cha kwanza; bila wao pengine asingeonekana kabisa. Tatizo ni kwamba upande wa baba huilipa ukidhani umenunua amani ya kudumu. Katika kata yetu tunawaomba wazee waiandike faini kwenye karatasi yake peke yake, na matunzo kwenye karatasi nyingine, zisichanganywe. Baadhi wamekubali, na wapo waliogeuza sehemu ya faini kuwa vifaa vya mtoto.

Msamaha wa malipo ulimwokoa Binti, na tunasema hivyo bila kusita: kwa nyumba ile, bili ya upasuaji ingekuwa maafa. Pamoja na hayo, ukijumlisha vifaa alivyonunua mwenyewe na dawa za nje, uzazi wa bure ulimgharimu 58,000, mbali na khanga za Kijana. Anayemwandaa mjamzito amweleze kiasi hicho mapema, kwa tarakimu, ili aanze kuweka tangu mwezi wa nne akiwa bado na kipato. Binti alikuwa na kazi mpaka mwezi wa sita. Elfu tatu kwa wiki kwa wiki nane zingefika 24,000, na aliyepaswa kumwambia ni yule aliyemrudisha mlangoni kwa kukosa mwenza.

Aliyebeba pengo lote ni Bibi, na hayumo kwenye fomu yoyote. Alilea mtoto asubuhi ambazo angekuwa bondeni. Matuta mawili ya mchicha yalikauka katika wiki za maandazi. Kadi ya CHF haikuhuishwa, na kifua kilipombana baada ya masika alilipa 21,000 mfukoni. Wanawake wenzake wa kikundi waliliona hilo kabla yetu. Katika mgao wa mwaka walipitisha kanuni mpya: nyumba ya mwanachama ikipata mjamzito, mfuko wa jamii utatoa 20,000 mwezi wa nane wa mimba na 20,000 nyingine ndani ya wiki ya kwanza baada ya kujifungua, zisizorudishwa, na zitakabidhiwa mkononi mwa mzazi mwenyewe.